Adui ana mgodi wa pesa?

Hivi, wenzangu, nani alisema kiwango cha "ngumu" kwenye gemu maana yake ni adui kumwagiwa fedha? Kwenye Medieval II: Total War, gemu la vita la kompyuta, yenye modi (marekebisho ya mashabiki), taifa lenye kimji kimoja cha matope linatoa jeshi jipya kila ukipepesa macho! Haya, fungua descr_strat.txt, faili la mipangilio ya kampeni, tafuta denari_kings_purse (posho ya bure ya kila zamu) ya kila taifa, tuseme 2500, shusha hadi 1000. Hifadhi. Rudi kwenye kampeni yako ya zamu 90. Holaa! Faili hilo husomwa kampeni mpya inapoanza tu. Zamu 90 jalalani? Basi pandisha gharama ya kutunza askari: export_descr_unit.txt, mstari wa stat_cost, namba ya tatu. Hiyo kampeni ya zamani inaikubali. Ila askari mnaotumia wewe na adui, gharama yao inapanda hata kwako. Sasa nani kafilisika?