Bao la 1995 lilifungwa dakika ya ngapi?

Mpwa wangu ana miaka 11 na uwanjani anacheza namba saba. Wiki iliyopita alikaa barazani na simu yangu, akafungua orodha ya FIFA ya ubora wa timu za taifa, akawa anashuka nayo kwa kidole gumba. Alishuka mpaka chini kabisa kwa San Marino, nafasi ya 210. Akapanda tena juu, akashuka tena. Halafu akaniuliza, "Mjomba, sisi wa ngapi?"

Nikamwambia Tanzania ipo, tazama vizuri. Akanijibu kwamba Taifa Stars ameiona, anachouliza ni Zanzibar Heroes, timu yetu ya Zanzibar. Nikamwambia hatumo.

"Hata wa mwisho?"

Hata wa mwisho, mwanangu.

Najua mnachofikiria sasa hivi, kwa sababu na mimi ndicho nilichokifikiria kwanza: CAF, shirikisho la mpira la Afrika. Nani kati yetu amesahau tarehe 16 Machi 2017? Mkutano wa Addis Ababa ulitupa uanachama kamili, tukawa chama cha 55 Afrika. Nilikuwa ndani ya daladala ya Fuoni habari ilipoingia, na dereva alipiga honi kutoka Mwanakwerekwe mpaka nilipoteremka. Tarehe 21 Julai mwaka ule ule, huko Rabat, wakatuvua. Tukaambiwa nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne tu, basi.

Shingo upande, nakubali kwamba kanuni yao imeandikwa na wao hawakuitunga siku ile ili kutukomoa sisi. Sisi ni sehemu ya Tanzania, kiti chetu wenyewe Umoja wa Mataifa hatuna. Lakini mwaka 2006 tulikwenda Hamburg kwenye mashindano ya wasio wanachama wa FIFA, tukafika fainali, tukatolewa kwa penalti na Cyprus ya Kaskazini. Gibraltar nayo ilikuwepo Hamburg. Watu wa Gibraltar hawafiki 40,000, na kiti Umoja wa Mataifa hawana vilevile, lakini leo wako UEFA na wako FIFA. Sisi sensa ya 2022 ilituhesabu 1,889,773. Hilo linaniuma na litaendelea kuniuma.

Ila swali la mtoto lilinipeleka pengine. Usiku ule nilikaa nikisoma habari za San Marino, hawa wa mwisho. Tarehe 5 Septemba 2024 waliifunga Liechtenstein 1-0, ushindi wao wa kwanza baada ya miaka 20. Mfungaji ni Nicko Sensoli, kijana wa miaka 19, dakika ya 53. Mimi niliyezaliwa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, najua dakika hiyo. Nikajiuliza: bao letu la fainali ya Chalenji 1995, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, tulipoifunga Uganda 1-0 kwao na kulichukua kombe, lilifungwa dakika ya ngapi?

Sikujua. Timu yangu, kombe letu kubwa kuliko yote, sikujua.

Kesho yake nikanunua daftari la skuli, lile la kurasa 48, nikaenda kwenye baraza moja la kahawa wanapokaa wazee wa mpira. Nikaomba jambo dogo: majina 11 walioanza fainali ile, jina la mtu na jina la baba yake. Mzee wa kwanza alinitajia saba bila kusita. Wa nane akamwita kwa jina la utani. Wa tisa wakabishana. Mmoja akaapa kwamba beki wa kushoto alikuwa fulani, jirani yake akamwambia fulani alikuwa na goti bovu mwaka ule, hakusafiri hata. Kuhusu bao, mmoja alisema kipindi cha kwanza, mwengine cha pili, na wa tatu, ambaye alilisikia redioni, akakumbuka tu kwamba kikombe chake cha chai kilimwagika juu ya kanzu na hakujali. Mzee yule alilia kidogo akinisimulia. Miaka 30 imepita.

Nikatoka hapo nikaenda kwenye ofisi moja niliyotarajia ingekuwa na kumbukumbu. Waliniheshimu, wakaniambia nirudi wiki ijayo. Nilirudi. Kabati lilikuwepo na ufunguo ulipatikana, lakini ndani hamkuwa na jalada la mwaka ule wala la miaka ya jirani yake. Kijana aliyenifungulia hata hakuzaliwa wakati ule, na simlaumu.

Hiki ndicho kilichonitia uchungu. Sisi hatukuanza mpira juzi. Kombe la Gossage tuliingia 1949, wakati mashindano ni ya Kenya, Uganda, Tanganyika na sisi, na Muungano ulikuwa bado miaka 15 mbele. Vizazi vinne vya wachezaji vimevaa jezi hii. FIFA haiwaandiki, sawa, ndivyo ilivyoamua. Je, sisi nani alitukataza kuwaandika? Hakuna. Karatasi, kalamu na wazee waliokuwa hai, vyote tulikuwa navyo.

Na majina ya utani, ndugu zangu, yanatumaliza. Tunayapenda na mimi nayapenda. Nadir Haroub tulimwita Cannavaro mpaka bara wakamwita hivyo hivyo alipokuwa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars. Khamis Mcha ni Vialli. Abdi Kassim ni Babi, yule aliyeifunga Uganda mwaka 2007 na kuwa wa kwanza kufunga bao katika Uwanja mpya wa Taifa. Hemed Suleiman ni Morocco. Hawa wamesalimika kwa sababu magazeti ya bara yaliwaandika kwa majina yao yote. Lakini kwenye daftari langu nina wanne wa zamani waliobaki na jina la utani peke yake. Mtu alitoa magoti yake kwa nchi hii, leo hatujui hata aandikwe mtoto wa nani.

Tazameni tofauti ya Chalenji ya 2017 kule Kenya. Ile hata nikiamshwa usiku naisimulia. Tuliifunga Kilimanjaro Stars, timu ya Tanzania Bara, 2-1, tukamtoa bingwa mtetezi Uganda 2-1 nusu fainali Kisumu, kisha fainali Machakos na wenyeji. Kenya wakatangulia, Khamis Musa akasawazisha dakika za jioni kabisa. Muda wa nyongeza wakatangulia tena, Khamis Musa akasawazisha tena. Penalti tukafa 3-2, kipa wao Patrick Matasi akazidaka tatu. Mashujaa wale walipokelewa kwa umati uliojaa barabara, na walistahili. Nalijua hilo lote kwa sababu kila mtu alikuwa na simu mkononi. Simu si kumbukumbu ya kutegemea, hata hivyo. Ukurasa mmoja uliokuwa na picha nyingi za safari ile nimeutafuta mwezi huu, umefutwa.

Na haya ya karibu? Januari 2025 Heroes wameifunga Burkina Faso 2-1 fainali ya Kombe la Mapinduzi, uwanja wa Gombani, Pemba imejaa mpaka kwenye miti. Hebu nitajieni walioanza, 11 wote, bila kutazama popote. Nimewauliza vijana sita wa mtaani kwangu, wote walikuwepo au walitazama. Aliyejitahidi sana alifika wanane.

Kuna rafiki yangu ameniambia daftari halitatupatia uanachama. Kweli. Viongozi wa mpira wetu wamekuwa na magomvi yao miaka mingi, na hilo nalo daftari haliliponyi. Mashindano ya Chalenji ya wakubwa yenyewe yalikaa miaka mingi bila kuchezwa baada ya 2019, kwa hiyo kizazi hiki kina mechi chache kuliko cha baba zao. Vijana wetu Bacca, Mudathir na Fei Toto, kila wanachofanya wakiwa na Taifa Stars kinaandikwa duniani kote, nami nafurahi kwa dhati, nashangilia kila mechi. Wakivaa jezi ya Heroes, hakiandikwi isipokuwa tukiandika sisi. Hilo halihitaji kura ya Rabat.

Kwa hiyo nawaomba, tena naomba kwa mikono miwili. Kama baba yako au babu yako alicheza, au alikuwa kocha, mwamuzi, mbeba mipira, mpishi wa kambi, kaa naye wiki hii. Kama una picha ya timu ukutani, ishushe, ugeuze nyuma, uandike majina kwa kalamu kutoka kushoto kwenda kulia, waliosimama na waliochutama. Msisubiri arubaini ya mtu ndipo mtafute picha yake.

Daftari langu mpaka leo lina majina tisa kamili ya fainali ya 1995. Jumamosi napanda boti kwenda bandari ya Mkoani, Pemba. Nimeambiwa kuna mzee Chake Chake aliyekata kipande cha gazeti la siku ile, akakihifadhi ndani ya msahafu wake. Mpwa wangu ameomba twende wote. Yeye ndiye atakayeandika, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.