Zefe ya Lamu na Sinia la Nyumbani

Kila mwaka, Mfungo Sita, yaani mwezi wa Rabiul-Awwal, unapoelekea ukingoni, mji wa Lamu hufurika wageni, kwa sababu Maulidi ya Msikiti wa Riyadha huwavuta watu kutoka Mombasa, Malindi, Tana na hata ng'ambo. Wengi wao hurudi kwao wakisimulia mambo ya hadharani: mashindano ya punda, mbio za mashua, kirumbizi kinachochezwa kwa fimbo, na juu ya yote zefe, yaani maandamano ambamo wanafunzi wa madrasa na wazee wenye bakora hupita barabara ya pwani wakipiga matwari, yaani matari ya mkononi, na kusoma kasida, bendera zikitangulia. Mimi nashikilia kuwa aliyeyatazama hayo kisha akaenda kula hotelini ameambulia nusu ya Maulidi. Nusu ya pili imo majumbani.

Sisemi hivi kwa ulafi tu, ingawa ulafi nao upo. Habib Swaleh, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha, aliyetoka Ngazija na kufanya maskani Lamu katika karne ya 19, hakujikita mtaa wa Mkomani kwenye majumba ya mawe ya wenye nasaba na mali, bali mtaa wa Langoni, na akawafundisha dini watu ambao wakubwa wa mji hawakuwajali, wakiwemo wageni na waliotoka utumwani. Maulidi aliyoieneza, ile iliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiyun kule Hadhramaut, ilisomwa kwa matwari, jambo ambalo baadhi ya masharifu wa wakati huo hawakulipenda hata kidogo. Kwa hiyo sherehe hii tangu mwanzo ilikuwa ya kumfungulia mlango asiye na jina, na sijui mlango ulio wazi kuliko ule wa nyumba ambayo mgeni huingizwa, akanawishwa mikono na kuketishwa jamvini kabla hajaulizwa ni mtoto wa nani.

Kwa rafiki zangu wa Langoni, siku ya zefe pilau hupikwa uani kwa kuni, katika sufuria ambalo mtoto anaweza kujificha ndani yake. Vitunguu hukaangwa mpaka vikageuka rangi ya udongo, kwa sababu rangi ya pilau hutoka hapo, si kwenye viungo. Ndipo hufuata nyama, thomu na tangawizi, halafu jira, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, na mchele ukishakauka maji hupaliwa makaa juu ya mfuniko. Pembeni huwekwa kachumbari, achari ya ndimu, ndizi mbivu na sharubati ya ukwaju. Sinia moja huzungukwa na watu wanne au watano, na hapo ndipo ninapoiona maana ya kula pamoja, kwa kuwa mwanafunzi wa madrasa na nahodha wa jahazi hushiriki ukingo mmoja, na mwenye adabu husukuma mnofu mzuri upande wa mwenzake bila kusema neno. Baadaye huja kaimati, na kahawa tungu kutoka kwenye dele, birika la kahawa, pamoja na halua.

Hata hivyo, kuna jambo linalonikera. Wanawake wa nyumba hizo huchagua mchele, humenya viazi na kukata vitunguu tangu usiku, na zefe inapopita, wengi wao huisikia kwa masikio tu kutoka jikoni, huku sisi tulioshiba tukisimama kwenye uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome tukitazama. Wapo wanaopendekeza kwamba tiba ni kuweka mahema na kukodi wapishi wa kulipwa ili watu wote wale mahali pamoja. Sikubaliani nao. Chakula cha hemani hushibisha, lakini hakimfanyi mgeni awe mtu wa nyumba fulani, na mwaka unaofuata hatakuwa na mlango wa kubisha.

Tiba iliyo karibu zaidi ni wanaume kuacha kujifanya wageni katika nyumba zao. Katika harusi za pwani, sufuria kubwa la pilau mara nyingi husimamiwa na wanaume, tena kwa majivuno makubwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba kazi hiyo hawaijui. Marafiki wanaokuja kula waje mapema, washike visu na mwiko, waoshe masinia yao wenyewe, na chakula kiive mapema ili kila mwenye nyumba apate nafasi ya kutoka barazani au kupanda darini zefe inapokaribia. Baadhi ya wazee watalalamika kuwa pilau ya mwaka huo imezidi chumvi. Wapewe ndizi na sharubati, walalamike wakiwa wamekaa.