Bango la Normandie halikuwa pambo tu

Nimesoma makala moja kuhusu mabango ya zamani ya meli kubwa za abiria, nami sikubaliani na kauli ya mwandishi kwamba yalikuwa mapambo tu ya ofisi za tiketi. Baada ya Marekani kupitisha sheria ya mwaka 1924 iliyopunguza sana idadi ya wahamiaji, kampuni za meli zilipoteza abiria wengi wa daraja la chini, zikalazimika kuwavutia watalii, na bango likawa chombo muhimu cha kazi hiyo.

Tazameni bango la Normandie, meli ya abiria ya Ufaransa, alilochora msanii wa mabango Cassandre mwaka 1935: anamweka mtazamaji chini kabisa, usawa wa maji, omo (sehemu ya mbele) ya meli ikipanda mbele yake kama ukuta, huku kundi la ndege wadogo weupe karibu na maji likimfanya ahisi ukubwa wa meli hiyo bila kutajiwa kipimo chochote. Kwangu mimi, hakuna bango la meli linalolizidi. Normandie yenyewe iliungua katika bandari ya New York mwezi Februari 1942, ilipokuwa ikigeuzwa ili ibebe wanajeshi.