Dada wa kwaya na kifafa chake

Kuna kitu kinanikera makanisani kwetu. Dada anaimba sauti ya kwanza miaka yote, siku moja anaanguka mazoezini, hospitali wanasema kifafa, basi kuanzia hapo ni "yule wa kifafa". Jukwaani hapandi tena, kwenye semina jikoni haruhusiwi kugusa sufuria, na akisinzia tu kwenye ibada watu washaanza kukemea pepo.

Sasa wapo wanaosema tuachane na haya majina ya hospitali, mtu ni mfano wa Mungu, inatosha. Hapo mi nakataa. Bila hilo jina hapati dawa, atazungushwa mikesha na mafuta ya upako mpaka siku aangukie jiko la mkaa. Na hiyo hatari sio maneno ya madaktari tu, yule baba kwenye Mathayo 17:15 alimwambia Yesu wazi kwamba mwanae ana kifafa, huanguka motoni na majini. Najua mtaniambia mstari wa 18 pepo akatoka, ni kweli, siufuti, ila Mathayo huyo huyo kwenye 4:24 anawataja wenye pepo na wenye kifafa kila kundi kivyake, kwa hiyo kuchukua kesi ile moja ukambandika kila anayeanguka ni uvivu wa kusoma.

Ila na sisi tunaopenda vipimo tusijisahau. Wodini utasikia "kitanda cha nne, kifafa, kashapewa dawa?" Sawa, nesi mmoja wagonjwa lundo, naelewa. Shida ni pale jina linapotoka wodini likamfuata mtu mpaka kwenye posa. Cheki Simoni wa Bethania, Yesu kaketi chakulani nyumbani kwake, inaelekea ukoma ulishaisha maana asingekaa na wageni vile, bado anaitwa Simoni mkoma (Marko 14:3). Hata kitabu cha Walawi, sura ya 13 inamtoa mwenye ukoma kambini, ila sura ya 14 imeweka utaratibu wa kumrudisha. Makanisa yetu mengi hayana huo utaratibu.

Mi ningesema mwalimu wa kwaya ajue kabisa, na wanaosimama karibu nae wajue: akianguka mlazeni ubavu, legezeni nguo shingoni, msimtie kijiko mdomoni, angalieni saa, ikipita dakika 5 muwahisheni hospitali. Jumapili asimame mstari wake kama zamani, na akiharibu wimbo mwalimu amgombeze kama anavyowagombeza wenzake.