Visima vyetu vipimwe petroli, si chumvi peke yake

Muulize mtu wa Unguja kuhusu maji ya kisima chake, atakujibu kwa ulimi. Haya matamu, yale yameingia chumvi, yale ya ukanda wa Jambiani mgeni hayawezi. Ulimi umetufaa miaka mingi kwa sababu adui tuliyemjua alikuwa bahari, na bahari haijifichi. Sasa tuna sheli kila njia kuu, gereji vichochoroni, majenereta ya mahoteli na dawa za kupulizia mashambani, na vyote vimekaa juu ya maji yale yale tunayokunywa.

Chukua benzini, moja ya kemikali zilizomo ndani ya petroli, inayosababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Piga hesabu: gramu moja inatosha kuyafikisha maji lita 100,000 kwenye kikomo hicho, na maji yanaweza kukivuka mara nyingi kabla mnywaji hajahisi harufu wala ladha yake. Tangi lililofukiwa ardhini likivuja kidogo kidogo kwenye kiungo cha bomba, mwenye sheli huenda asishtuke; lita chache humezwa na hesabu za mauzo. Anayelipa ni jirani mwenye kisima.

Kuchemsha hakutatuokoa kwa kila kitu. Kunaua vijidudu vya kipindupindu, na tuendelee kuchemsha. Lakini nitrati inayoshuka kutoka kwenye makaro na mbolea haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki na kuzidi. Kikomo chake ni miligramu 50 kwa lita, na anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo: damu yake hushindwa kubeba oksijeni mpaka ngozi ikageuka rangi.

Ardhi yenyewe ndiyo inayonitia hofu kubwa. Sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja ni uwanda wa mawe ya matumbawe yaliyojaa nyufa na mapango. Hata mto Mwera unapotelea ardhini kabla ya kuiona bahari. Penye udongo na mchanga, maji hushuka taratibu na uchafu mwingine huchujwa njiani. Penye mwamba uliopasuka hakuna anayechuja kitu: kilichomwagika juu leo kinaweza kufika kisimani kwa siku chache, tena kisima kisichokuwa jirani.

Njia hizo hufuatiliwa kwa rangi. Mwaka 1877 huko Ujerumani, mwanajiolojia Adolf Knop alimwaga rangi ya fluoresini pale mto Danube unapopotelea kwenye mwamba wa chokaa. Baada ya siku mbili na nusu hivi, chemchemi ya Aach, kiasi cha kilomita 12 kutoka hapo, ikatoa maji ya kijani. Wataalamu wanaitumia rangi hiyo mpaka leo. Natamani sana kuona kazi kama hiyo ikifanywa hapa wakati wa masika, kwenye mashimo yanayomeza maji, na kila kisima cha jirani kikiangaliwa. Tungejua sheli isijengwe wapi.

Watu wenye nia njema huniambia kwamba uchafu ukigundulika utasafishwa. Ni kweli njia zipo. Udongo uliolowa mafuta unachimbwa na kuondolewa, mvuke wa petroli unavutwa kutoka ardhini, bakteria wanapewa hewa ili wayale mafuta, na maji yanavutwa kwa pampu yapite kwenye makaa maalumu yanayonasa kemikali. (Makaa hayo hutengenezwa hata kwa vifuu vya nazi, ambavyo sisi tunavitia motoni.) Ila kazi hiyo mara nyingi huchukua miaka, na kwetu kuna tatizo jingine lisilosemwa. Maji matamu ya kisiwa yameelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba. Wataalamu wana kanuni: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kiasi cha mita 40 chini yake. Punguza ile ya juu na chumvi inapanda kwa uwiano huo huo. Kwa hiyo pampu itakayovuta sumu kwa nguvu pale Paje itaivuta na bahari. Tutatoa petroli na kubaki na maji yasiyonyweka.

Ndiyo maana nasema kwetu kazi kubwa ni kugundua mapema. Kila sheli iwe na visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu kuzunguka matangi, kwa kuwa kwa vitatu ndipo unaweza kulinganisha vina vya maji na kujua yanaelekea upande gani. Uwandani viongezwe, maana ufa mmoja unaweza kupita kati ya viwili. Sampuli zichukuliwe kiangazi na tena baada ya masika. Majibu yabandikwe kwenye ofisi ya sheha, kwa Kiswahili, yakitaja kisima na kiwango, sio kufungiwa kabatini.

Wapo watakaosema ni gharama na usumbufu kwa wafanyabiashara. Gharama ipo. Lakini anayeuza petroli anapata faida yake, na mama anayeteka maji kwa ndoo nyuma ya ukuta wake hapati hata senti. Mamlaka tunazo: ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, ina visima; ZEMA, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ina mazingira; na ZURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, inadhibiti mafuta na maji kwa pamoja, jambo ambalo naliona ni bahati yetu. Ofisi inayotoa leseni ya sheli ndiyo hiyo hiyo inayosimamia huduma ya maji. Basi mwenye sheli asiyekuwa na visima vya uchunguzi asiongezewe leseni, na tuanze na zile zilizo karibu na visima vinavyonywesha mji.