Umeme wa Dar, maji ya Rufiji

Pasi yangu ya mkaa nimeirudisha nyumbani, iko uvunguni. Kwa fundi cherehani wa Mbagala hilo si jambo dogo. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, mgao wa umeme ulipopamba moto, pasi ile ndiyo iliyonistiri. Mashine ya ovaloki imelala, sare za harusi zimerundikana mezani, nami napuliza mkaa barazani nikisubiri umeme urudi saa nne usiku ndipo nianze kazi. Wateja wengine walinivumilia, wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao wakaenda zao.

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, ukaingiza megawati 235 kwenye gridi. Kufikia Aprili 2025 mitambo yote tisa ilikuwa imekamilika, jumla megawati 2,115. Siku hizi nikipokea nguo Jumatatu nathubutu kumwambia mteja aje Jumatano.

Kwa hiyo niseme mapema: bwawa hili nalipenda, na sisikitikii kodi yangu iliyoingia kwenye zile shilingi trilioni 6.5. Kinachoniuma ni jinsi tunavyoisimulia historia yake hapa mjini. Tunahesabu marais, zege na megawati, basi. Mto wenyewe, na watu wanaoishi huko mto unakoteremkia baada ya bwawa, hatuwataji.

Historia hiyo ya marais naijua kama kila mtu. Mahali pale palipojengwa paliitwa kwa zaidi ya miaka mia kwa jina la Stiegler, mzungu aliyeuawa na tembo mwaka 1907. Pori lililopazunguka nalo likabeba jina la Selous, Mwingereza aliyepigwa risasi Beho Beho Januari 1917 akipigana na Wajerumani. Yaani kwenye ramani zetu bonde lile lilikuwa na majina ya wageni wawili waliofia huko, mpaka 2019 sehemu kubwa ya pori ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na bwawa nalo likapewa jina hilo hilo. Mwalimu Nyerere ndiye aliyelitaka bwawa hilo. Mwaka 1975 serikali yake iliunda RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, na wataalamu wa Norway walipima na kuchora. Fedha hazikupatikana, na umeme mwingi kiasi kile nchi ya wakati ule isingeumaliza. Michoro ikakaa kabatini zaidi ya miaka 30. Mkataba na kampuni za Misri ulisainiwa Desemba 2018, Rais Magufuli akaweka jiwe la msingi Julai 2019, na Desemba 22, 2022 Rais Samia akazindua ujazaji wa maji.

Hapo ndipo wasimulizi wengi wanapoishia. Mimi nataka turudi nyuma kidogo, hadi Mtera.

Sisi tuliokulia Temeke miaka ya 90 tulilijua jina la Mtera kabla ya kujua liko mkoa gani. Redio ilikuwa ikitaja kina cha maji Mtera, na mama akishasikia tu anamtuma mtoto dukani kununua mishumaa. Bwawa lile lilijengwa kwenye mto Ruaha Mkuu, likakamilika 1980, kazi yake kuu ikiwa kutunza maji kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu iliyoanza kuzalisha 1975. Mtera yenyewe ikapata mitambo yake 1988, megawati 80. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri. Lakini huko juu, Usangu, maji yalikuwa yakiingizwa mashambani na ardhi oevu ikichoka, na tangu 1993 Ruaha Mkuu ukawa unakauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakibaki wamebanana kwenye vidimbwi vya matope. Mitambo ilikuwa mizima. Kilichokosekana ni maji. Tukapata mgao miaka ya 90, tukapata tena 2006, tukapata 2011.

Sasa tazama Rufiji. Ni mto unaotokana na mito mitatu: Ruaha Mkuu huo huo, Luwegu, na Kilombero, ambao ndio unaoleta maji mengi kuliko wenzake. Bwawa jipya linaweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, na ukubwa huo unatudanganya tuone maji hayawezi kuisha. Nikisikia habari za mifugo na mashamba yanavyojazana bonde la Kilombero, nawaza Usangu. Ajabu ni kwamba wakulima wa kule hawajakosa kuliko sisi. Wanalima kwa sababu mji huu unataka mchele, na sisi hao hao ndio tunaotaka umeme.

Shangazi yangu anaishi upande wa pili wa bwawa, Mohoro, karibu na mto unapoelekea baharini. Kwao mafuriko yanaheshimiwa kwa sababu yana kazi. Mto ukijaa wakati wa masika unatandaza tope jipya bondeni, na ukishapungua watu wanapanda mahindi, kunde na maboga kwenye unyevu ulioachwa. Kilimo hicho wanakiita mlau. Mvua ikikatika na jua likawaka miezi kadhaa, mahindi ya mlau yanasimama kwa sababu ardhi chini bado ina maji. Mwaka 1968 na 1969 serikali iliwahamisha watu wa bondeni, ikawaweka kwenye vijiji vya juu ili wasisombwe, lakini mashamba yalibaki kule kule. Msimu ukifika wanateremka, wanakaa kwenye madungu yaliyoinuliwa kwa nguzo, wanalinda mazao yao dhidi ya nguruwe na ndege. Mafuriko hayo hayo ndiyo yanayojaza maziwa madogo kama Zumbi na Ruwe ambako watu wanavua. Na maji baridi yakifika kwenye mikoko ya delta yanakutana na chumvi, kamba wanakua, na kamba hao baadhi yao ndio tunaowagombania soko la samaki la Feri.

Aprili 2024 maji yalikuja kupita kiasi. Rufiji na Kibiti zilifunikwa, mashamba yakazama, watu wakakimbia nyumba zao. Ubishi ukaanza: serikali ikisema mvua ilikuwa kubwa mno na bwawa limepunguza balaa, watu wa bondeni wakisema maji yamefunguliwa yakawakuta. Mimi si mhandisi, na sitajifanya hakimu wa jambo lile. Ninachokumbuka ni sauti ya shangazi kwenye simu: "Mwanangu, zamani mto ulikuwa unatuambia. Sasa tunamuuliza nani?"

Sijalisahau swali lile. Alijua kuusoma mto: rangi ya maji, mvua za huko juu, ndege wanavyohama. Elimu ile ya miaka mingi haisaidii tena, kwa sababu siku ya maji kupanda na siku ya kupungua inaamuliwa na mtu aliyekaa chumba cha kuongozea mitambo, akiangalia kina cha bwawa na mahitaji ya umeme ya Dar es Salaam. Yaani mimi nikikanyaga cherehani mchana, kwa namna fulani nimeingia kwenye uamuzi wa lini shangazi apande mahindi.

Ninachokitaka si kikubwa kwa nchi iliyoweza kulijenga bwawa lile. Kila masika yatolewe maji ya kutosha kufika bondeni, hata kama mtambo mmoja utasubiri, ili mlau usife. Na ratiba itangazwe mapema, kwa Kiswahili, redioni na kwa wenyeviti wa vijiji: maji yanaanza kutoka tarehe fulani, yatapanda kiasi hiki, yatapungua lini. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, inatutangazia bei mpya ya petroli, na bodaboda wa Mbagala wanaijua kabla hakujapambazuka. Mkulima wa Utete na Mohoro apate tangazo lake la maji vivyo hivyo, likiwa na tarehe, mbegu zikiwa bado ghalani.