Funguo za Yule Mama wa Jumuiya

Jumatano jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki, ile ya kusali nyumba kwa nyumba, ilikuwa kwa jirani huku Maweni, joto la Machi, feni hakuna, tumebanana mkekani, na yule mama kaja kukaa nyuma yangu kama kawaida yake. Ana funguo sita kwenye pete moja na kisamaki cha plastiki kilichokatika mkia. Rozari nzima, tendo la kwanza mpaka la tano, anazichezea tu, kacha kacha kacha, tena Salamu Maria anaikimbiza anamaliza kabla yetu. Nilitoka pale nimekasirika mpaka nia tulizoombea sizikumbuki.

Shoga yangu akaniambia hama jumuiya, kwani lazima? Siku hizi ushauri ni huo huo, mtu akikukera mbloki, linda amani yako. Jamani hapo mimi nakataa kabisa. Jumuiya si watu niliowachagua, nimepewa. Paulo kawaambia Wakolosai wachukuliane na wasameheane, 3:13 hiyo, sasa wangekuwa hawakerani angewaambia ya nini?

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa kule Lisieux Ufaransa, yalimkuta haya haya. Kulikuwa na mtawa mwenzake anakaa nyuma yake wakati wa tafakari anatoa kisauti fulani hivi, hakiishi, na Teresa mwenyewe anasema alikuwa akilowa jasho kwa kujizuia asigeuke kumtazama. Asigeuke tu! Mwisho akaacha kukikimbia kile kisauti, akakisikiliza kama muziki mzuri, akamtolea Yesu. Kafariki 1897 ana miaka 24, na 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza Mwalimu wa Kanisa, cheo cha watakatifu ambao mafundisho yao yamelifaa Kanisa zima, mtu ambaye sehemu ya vita vyake ilikuwa kelele ya mwenzake kanisani. Mimi hilo linaniliza, kwa sababu hakusema kelele ilikuwa nzuri, ilimkera kweli, ila alikataa kumchukia aliyeitoa.

Sawa, kuna wanaokera na kuna wanaoumiza. Mke anayepigwa asiambiwe na mtu avumilie kwa jina la Yesu, aondoke.

Mimi tangu Kwaresima ianze, kila usiku namtaja yule mama kwa jina, Baba Yetu moja ya kwake peke yake. Wiki ya kwanza maneno yalikuwa makavu mdomoni, namwombea kama nalipa deni. Halafu nikaona sijui hata namwombea nini, miaka minne tunakaa mkeka mmoja sijui lolote lake, ikabidi nimuulize. Akanishika mkono, mama, niombee goti, usiku silali. Goti! Na kila Jumatano anatembea kwa miguu kuja, kuanzia hapo nikawa namtazama anavyoinuka, anashika ukuta kwanza.

Funguo bado zinanikera, juzi mmeona. Jumatano hii jumuiya ni kwangu, nimeazima kiti chenye mto kwa ajili yake, na nitakiweka ubavuni mwangu.